Mwaka wa Moto wa Juu

Tulimzika Nyota siku ya Jumanne. Jioni yake wajukuu zake wakaniketisha uani kwenye kiti cha plastiki, wakaniletea chai yenye sukari ya kutosha kumwua mtu wa umri wangu, kisha mmoja wao, kijana mwenye simu mbili na adabu nusu, akaniuliza: "Koko, ni kweli zamani bazungu balikuwa banatupa moto juu ya maji hapa ku Baraka? Bibi alikuwa anasema ni we unajua." Nikamjibu ndiyo, walikuwa wanatupa. Akaridhika, akarudi kwenye simu zake. Mimi nilibaki na chai yangu na hasira. Hasira yenyewe haikuwa ya kijana, masikini, angejuaje? Ilikuwa kwa sababu Nyota alikuwa mtu wa mwisho ambaye ningeweza kumtazama tu, bila kufungua kinywa, tukaelewana kuhusu mwaka ule. Sasa nimebaki nao peke yangu, na mimi nimekula chumvi nyingi mno kuendelea kuubeba kimya kimya. Basi nauandika.

Jinsi nilivyofika katika nyumba ya mama yake Nyota nitairuka. Mambo ya nani alizaa nani na nani alimkosea nani huko milimani yangejaza kitabu kizima na hayamsaidii mtu. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na sita, nilishuka Baraka mvua za kwanza zilipoanza ili nijifunze kushona kwa watu wa misioni, nikapewa nusu ya mkeka wa Nyota, ambaye tulilingana umri. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, matofali ya udongo na paa la nyasi, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo wa kiangazi ulipovuma tulisikia mawimbi kana kwamba yanabisha hodi. Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni na cha kulia, cha nyuma cha kulala, na katikati palikuwa na mkeka wa matete badala ya ukuta. Kila jambo lililosemwa mbele lilipita nyuma, na Mama Nyota, aliyejua vizuri kwamba tunasikiliza, hakushusha sauti hata siku moja. Kila kitu kilinuka ndagala, wale samaki wadogo waliokuwa wakikauka mchangani: nguo zetu, nywele zetu, hata kitabu cha nyimbo cha Nyota. Wasichana wa misioni waliziba pua nilipopita. Baadaye sikuisikia tena harufu ile, nikajua nimekuwa mwenyeji. Tulikula bukari, ugali wa muhogo, na sombe, majani yake, siku mawese yalipopatikana, na kila Jumapili samaki mmoja wa mukeke wa kukaanga, ambaye Mama Nyota alimgawa vipande vinne. Tulikuwa watatu. Kipande cha nne kilifunikwa kwa bakuli kikalala, na Jumatatu tukakila bila mtu kusema ni cha nani.

Kilikuwa cha Asende, mume wa Mama Nyota, aliyekuwa amefungwa Fizi. Wakati ule kila mwanamume alilazimishwa kulima shamba la pamba, na pamba hailiwi. Asende alikuwa mvuvi, shamba lilimtoa ziwani majuma mazima, naye hakuwa mtu wa kugombana na wakubwa kwa maneno. Basi akazitia mbegu za serikali kwenye kikaango, akazikaanga kama karanga, kwa moto mdogo ili zisibadilike rangi, kisha akazipanda kwa mistari iliyonyooka kuliko ya mtu yeyote. Alitegemea mzungu wa pamba ataona udongo wa pale haufai, atamwachia aende zake. Na pengine ingekuwa hivyo, lakini majirani walisikia, wakaja mmoja mmoja na mbegu zao kwenye vitambaa, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na wao waliogopa kuziunguza. Hakuweza kumkatalia mtu. Shamba moja lisipoota ni bahati mbaya, lakini yasipoota yote kuanzia njiani mpaka mtoni ni kesi. Mzungu wa pamba alifukua mbegu moja, akaipasua kwa kucha, akainusa, akacheka. Asende alipigwa fimbo mbele ya wote waliomletea mbegu, hakumtaja hata mmoja, akapelekwa gerezani. Kikaango kilikuwa bado kinaning'inia ukutani nilipofika. Karanga tulikaangia kwenye kifuniko cha sufuria.

Sijawahi kuwasamehe majirani wale. Walikuwa wakileta mboga, wakileta kuni, wakimwita Mama Nyota "dada yetu," na kila walipoingia macho yao yaliruka ule ukuta wenye kikaango. Siku hizi watu wanapenda kuniambia zamani tulikuwa tunapendana, tulikuwa kitu kimoja. Labda. Mimi nakumbuka fungu la matembele lililoachwa mlangoni na mtu akaondoka upesi kabla hajaitwa ndani.

Nilikwenda na Mama Nyota Fizi mara moja. Ni njia ya kupanda tu, kutwa nzima, na juu huko baridi inakuingia mifupani. Alivaa kitenge kipya alichokuwa amekikopa kwa mke wa karani, akabeba samaki na bukari iliyofungwa kwenye majani ya ndizi. Polisi wa mlangoni aliupokea mzigo, akaufungua, akala samaki wetu mbele yetu akitema miiba upande wetu. Wafungwa walikuwa wanabeba mawe ya barabara, vichwa vimenyolewa, na nisingemjua Asende kama Mama Nyota hangenifinya mkono. Alikuwa mrefu, amekonda, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Kuzungumza kulikatazwa. Alipofika usawa wetu akaweka jiwe chini, akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Hakuwa na viatu. Alikaa pale akifungafunga hewa, polepole kabisa, mpaka polisi akapiga kelele: "We! Simama!" Akasimama, akabeba jiwe lake. Njia nzima ya kurudi Mama Nyota alisema jambo moja tu. "Ameona kitenge yangu mupya. Sasa anajua hatulale njaa." Mimi nilikuwa nalia, naye akaniambia nifunge kinywa, upepo utaniletea kikohozi. Baada ya Pasaka wakakataza wageni gerezani, bila kutoa sababu, na hakumwona tena karibu.

Usiku usio na mbalamwezi ndio ulikuwa wa kazi ziwani. Leo wanatumia taa za kila namna, zamani ilikuwa moto wa kuni na mienge ya matete mbele ya mtumbwi, na samaki walikuja kuushangaa wakanaswa. Giza lilipoingia tulikaa mchangani tukitazama mioto ile ikienea mbele yetu mpaka upande wa Ubwari, na ndipo Nyota aliponifundisha alama. Kila mvuvi alikuwa na namna yake ya kupunga mwenge anaporudi, ili mke wake ajue aandae nini: kama aite watu wa kusaidia, kama asafishe mahali pa kuanika, au kama arudi ndani. Na kila nyumba ilificha alama zake. Jirani akijua mume wako amejaza mtumbwi, atafika na bakuli kabla yake, au atafika na jicho baya, ambalo ni zito kuliko bakuli. Kwa hiyo mwenge uliozungushwa ulikuwa furaha kwa nyumba moja na njaa kwa nyumba nyingine, na hakuna aliyeuliza. "Baba akizungusha," Nyota aliniambia, "ni kusema samaki iko, mukuye. Akiinua mara moja tu, iko ya kula ku nyumba. Na akiingiza moto mu maji polepole mpaka inakufa, ni kusema haiko kitu, musimungoje, mulale." Mama yake, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema, "We, usifundishe bantu mambo ya nyumba." Halafu akanitazama akaongeza, "Lakini huyu naye ni wa nyumba." Nilifurahi kuliko siku niliyomaliza gauni langu la kwanza.

Mwezi wa sita ukaingia, pamba ikavunwa, na habari ya feti ikashuka kutoka Fizi. Wabelgiji walikuwa na sikukuu yao kila mwezi wa saba, mbio za magunia, bendera, watoto kupewa chumvi. Lakini mwaka ule mzungu mkubwa wa teritware, mtawala wa wilaya yetu, alitaka zaidi: meli ingeleta moto wa juu, yaani fataki, kutoka Usumbura, urushwe juu ya maji mbele ya Baraka, watu wote waone. Aliyetuletea habari alikuwa Karani Simoni, jirani yetu aliyefanya kazi ofisini, mtu wa suruali fupi iliyopigwa pasi na sauti ya kumwambia kila mtu siri. Alikaa chumba cha mbele, akapewa bukari, nasi nyuma ya mkeka tukaacha kupumua.

"Mama Nyota, ni bafungwa ba Fizi batatumika ile feti. Banatengeneza kitu ya kuelea na mapipa, na ni beye batashika mienge ya kuwasha ile moto."

"Asende iko mu beye?"

"Iko. Bamechagua bale banajua maji. Na ngoja, sijamaliza. Bwana anasema, bale batatumika muzuri siku ya feti, atabaachilia. Banarudia ku manyumba yabo."

Kisha tukamsikia Mama Nyota: "We mwenyewe ulisikia?"

"Na masikio yangu haya."

"Alikuambia we?"

"Aliongea na musungu mwenzake. Mi nilikuwa pale, napanga mabarua. Mama, mi nasikia Kifaransa."

Mpaka leo sijui kama Karani Simoni alitia chumvi, au alisikia kweli na wakubwa wakabadili mawazo. Alikuwa mtu wa kupenda kupendwa, na bukari ya Mama Nyota ilikuwa nzuri. Lakini hakuwa mwongo wa kukusudia. Nyota hakumwamini hata usiku ule. Mama yake alimwamini mzima mzima, na kuanzia asubuhi akawa mtu mwingine. Aliipaka nyumba udongo mweupe mpaka ikang'aa. Alikamua ndizi akapika kasiksi, mtungi mzima, akaufunika na kuukemea kana kwamba ni mtoto mtundu: uchachuke vizuri, usimwaibishe. Aliniletea kitambaa cha shati. Nilimwambia sijawahi kushona shati la mwanamume, akasema basi nianze. "Bega moja iko chini kuliko ingine," alinieleza akinionyesha kwa mkono hewani, "usimushonee sawasawa, itamukaa vibaya." Nililishona shati lile jioni baada ya jioni, bega moja juu, bega moja chini, na kusema kweli nami nikaanza kuamini. Sioni aibu. Watu wa huku tunajua kungoja kuliko tunavyojua kazi nyingine yoyote. Ukipita leo njia ya Uvira, pale Lusenda, utaona wakimbizi wamekaa mbele ya vibanda vyao miaka na miaka wakitazama barabara, na ukiwauliza watakuambia bado kidogo.

Siku yenyewe ilianza na upepo. Mchanga ulikuwa umefagiliwa, viti vya wazungu vimepangwa chini ya turubai, na kamba imefungwa kutuzuia sisi kwenye mteremko. Watu walitoka Mboko, walivuka kutoka Ubwari, wengine walishuka kutoka milimani na fimbo zao za kuchungia. Mchana vijana walipanda mlingoti uliopakwa mafuta ili kuchukua shati lililofungwa juu, wakaanguka mmoja baada ya mwingine, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Wafungwa hatukuwaona. Walikuwa upande wa pili, nyuma ya meli, na polisi walimrudisha kila mwanamke aliyejaribu kuzunguka. Jua lilipokaribia kushuka mzungu mkubwa akasimama akasema maneno yake, na mkalimani akatugeuzia: tuko watoto wake, serikali inatupenda, tulime pamba vizuri. Akakaa. Watu wakapiga makofi. Kuhusu wafungwa hakutamka neno.

"Hajasema," Nyota akanong'ona.

"Haya ni maneno ya muchana," mama yake akajibu. "Ile ya kuachilia itakuya nyuma ya moto."

Giza lilipoingia tu, wakalisukuma jukwaa la mapipa mpaka majini, si mbali sana. Tuliona mienge ikiwaka mmoja mmoja juu yake na vivuli vya watu vikienda na kurudi. Halafu kitu kikapanda kwa mluzi, kikasita huko juu, kikapasuka. Nimekwisha kusikia milio mingi tangu siku ile katika mji huu, mingine ilipita juu ya paa langu na kuniacha chini ya kitanda, lakini ule wa kwanza haujafutika. Wazee walijitupa chini. Watoto walikimbilia migombani. Mama mmoja nyuma yetu alimwita Yesu kwa sauti kubwa, na alipoona bado yu hai akaanza kucheka, na kicheko kikaenea mteremko mzima. Mtu mmoja akapaza sauti: "Bazungu bamepasua mbingu! Kesho banatulazimisha kuishona!" Hata polisi walicheka. Ikapasuka mingine, na mingine, na kila mara watu walivuta pumzi pamoja na kuiachia pamoja.

Mama Nyota hakuinua uso. Alikuwa amepiga magoti, mikono juu ya kamba, macho yake kwenye yale mapipa. Kila moto ulipopasuka juu, mwanga wake uliangukia jukwaa kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na katika muda huo alikuwa anamtafuta mtu. "Pale," akasema. "Mwisho kabisa, upande wa kuume." Giza likarudi. Ukapasuka mwingine, mwekundu, nami nikaliona bega lililoshuka. Basi nasi tukainamisha macho. Feti ile yote mimi niliitazama juu ya maji, rangi zikivunjika kwenye mawimbi na kuzimika, na katikati yake mtu mmoja mwembamba ameshika mwenge. Hakuweza kutuona. Tulikuwa giza tupu kwake. Lakini alijua tupo, na alijua mke wake anatazama wapi.

"Atazungusha," Mama Nyota alisema. "Mungoje. Moto ikikaribia kuisha atazungusha."

Ikawa kama feti inapumzika. Pengine walikuwa wanaandaa ule wa mwisho. Mienge ya wengine ilikusanyika katikati ya jukwaa, mmoja tu ukabaki mwisho, upande wa kuume, peke yake. Ukainuka. Nilihisi Nyota akinikamata kiunoni. Ukakaa juu, umetulia, wala hauzunguki. Kisha ukaanza kushuka, polepole, polepole sana, kama mtu anayetia mguu kwenye maji kujaribu baridi. Ukagusa ziwa, ukatoa mvuke mweupe kidogo, ukafa. Polisi akafoka huko jukwaani, na papo hapo ule mkubwa wa mwisho ukapanda ukapasuka, ziwa lote likawa mchana, na pale mwisho alikuwa amesimama mtu asiye na kitu mikononi. Mteremko mzima ulikuwa unashangilia.

Mama Nyota akasimama, akakung'uta mchanga kwenye nguo. "Twende."

"Mama, haijaisha," Nyota alisema, na alikuwa analia.

"Imeisha."

Asubuhi tulipotoka, meli ilikuwa imekwisha ondoka, na wafungwa wa Fizi walikuwa ndani yake. Karani Simoni alikuja akiwa amevaa kofia, kitu ambacho hakufanya siku za kawaida, akasimama mlangoni bila kuingia. Walikuwa wamepelekwa mbali, alisema, kusini na kisha ndani ya nchi, kwenye kambi ya watu wasiorudishwa kwao, na amri ilikuwa imeandikwa kabla ya feti. Wafungwa waliambiwa siku waliposhuka Baraka. "Mama, mi sikujua. Mungu anaona, mi sikujua." Alijibiwa aingie anywe kasiksi. Wakaja majirani wote, wale wa mbegu, wakanywa mtungi mpaka chini wakidhani ni feti inaendelea, na Mama Nyota akawahudumia mmoja mmoja kwa adabu. Nilimchukia siku ile kwa adabu yake. Nilitaka ampasulie mtu kibuyu kichwani. Shati alilikunja akaliweka chini ya mkeka aliolalia. Ulipokuja uhuru kambi zile zilifunguliwa, na wanaume kadhaa walirudi Fizi na Baraka, wazee kabla ya wakati wao. Kila mmoja alipofika Mama Nyota alikwenda na bukari kumuuliza. Mmoja alidhani alimwona kwenye kazi ya reli. Mwingine alisema huyo alikuwa mtu mwingine. Asende hakurudi, na hakuna aliyeleta hata kifungo chake.

Lakini jambo ninalotaka kuliandika lilitokea mwaka ule ule, majuma machache baada ya feti, kabla mvua hazijaanza na mimi kurudi kwetu. Wakwe walikuja. Alikuja Wilondja, mdogo wake Asende, na pamoja naye mzee Alimasi, baba mdogo wao, msemaji wa ukoo. Walikaa chumba cha mbele wakala vizuri, na sisi wasichana tukawa mahali petu nyuma ya mkeka. Wilondja hakuwa mtu mbaya. Tena ningesema alikuwa mtu mwema: alikuwa na mitumbwi miwili, na kuni alizoleta hazikuachwa mlangoni. Shida yao ilikuwa hii. Mtu aliyechukuliwa bila kuaga bado ni mume, na mke wake haguswi, hasaidiwi na ukoo kama mjane, anakaa hivyo hivyo. Lakini mtu akiaga mwenyewe, akasema asingojwe, neno lake ni kama kifo chake. Mke ananyolewa, watu wanalia, matanga yanakwisha, na ndugu anamchukua yeye na watoto wake wakale kwake. Walikuwa wamesikia kwamba mwenge mmoja ulizimika majini usiku ule. Na walijua kwamba nyumba ile, kama nyumba nyingine, ilikuwa na alama zake.

Mzee Alimasi akanawa, akasafisha koo. "Mutoto yangu, hatukuye kukusumbua. Tunaona vile unaishi. Muhogo yako iko kidogo, na hii batoto mbili wanakula. Tunauliza neno moja tu. Kama mume yako alikuaga, sema, tulie, tuishe. Wilondja iko hapa."

"Shemeji," Wilondja akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "kaka alikuwa na mambo yake na moto. Mi siyajue, ni ya nyumba yenu. Ile usiku, ulimuona? Alifanya nini na mwenge?"

Nyuma ya mkeka Nyota alikuwa ameniziba kinywa kwa kiganja, ingawa sikuwa na nia ya kusema. Neno moja tu lilitakiwa. Kwa neno lile Mama Nyota angepata samaki kila siku, mtu wa kutengeneza paa kabla ya mvua, na ruhusa ya kulia mbele ya watu, ambayo hakuwa amepata tangu siku ile ya fimbo. Tulimsikia akikusanya sahani, akiziweka moja juu ya nyingine bila haraka.

"Baba, na we shemeji, mi sikuone kitu," Mama Nyota akasema. "Ile moto ilikuwa muzuri sana. Nilikuwa natazama juu, kama bantu bote."

"Hata mara moja hukutazama ku maji?"

"Hata mara moja."

Halafu akawauliza kama bukari imewatosha.